Kutambua kanotaiti, jiwe la manjano lenye vanadi: mwongozo kamili kwa mtu wa visiwani

Vanadi imo mikononi mwa kila fundi gari hapa kwetu. Shika spana yoyote, isome shingoni: nyingi zimegongwa herufi CR-V, na hiyo V ni vanadi, metali inayotiwa kidogo katika chuma ili spana isipinde wala isivunjike. Lakini vanadi ikiwa bado ardhini haifanani na spana hata kidogo. Mojawapo ya sura zake ni unga wa manjano angavu unaojipaka kwenye nyufa za mawe. Unga huo unaitwa kanotaiti, na mwongozo huu ni wa kuutambua.

Nimefundisha sayansi skuli za Pemba kwa miaka mingi, na mwalimu wa sayansi huletewa mawe. Wanafunzi huleta, wazazi wao huleta, wavuvi huleta. Jiwe la manjano ndilo huletwa kwa matumaini makubwa kuliko yote. Vijana wetu wanaokwenda bara kutafuta maisha, wengine Dodoma, wengine Manyoni, wengine Mererani, hurudi na kijiwe mfukoni: "Mwalimu, tazama hiki." Kijiwe chenyewe kimeshapanda daladala na boti, kimelala chini ya mto, kimechezewa na watoto. Kama ni kutu au kiberiti, hakuna neno. Kama ni kanotaiti safi, zaidi ya nusu ya uzito wake ni urani, na mionzi yake haijali kwamba mwenye nyumba ana watoto wachanga.

Kwa hiyo utaona mpangilio wangu wa hatua hauanzi na kukwangua wala kupaka asidi, kama ilivyozoeleka katika kutambua mawe. Jiwe la aina hii linatambuliwa zaidi kwa macho, kwa mahali lilipo na kwa kipimo, na mkono unakuja mwisho, kama unakuja kabisa.

Ni kitu gani hasa

Kanotaiti imeundwa kwa potasi, urani, vanadi, oksijeni na maji. Ikiwa safi, urani ni karibu asilimia 53 ya uzito wake na vanadi karibu asilimia 11. Wanasayansi wa Kifaransa Friedel na Cumenge ndio walioieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1899, kutokana na mawe ya Colorado, Marekani, wakaipa jina la mhandisi wa migodi Adolphe Carnot. Huko Colorado watu waliichimba kwanza kwa ajili ya radi (radiamu, metali yenye mionzi mikali, si radi ya mvua), baadaye kwa ajili ya vanadi, na baadaye tena kwa ajili ya urani. Jiwe ni lile lile. Kilichobadilika ni haja ya watu.

Vanadi yenyewe ina historia ndefu zaidi. Andrés Manuel del Río aliiona katika jiwe la risasi huko Mexico mwaka 1801, kisha akashawishiwa kwamba amekosea, akaiacha. Mwaka 1830 Msweden Nils Gabriel Sefström aliigundua upya, ikapewa jina la Vanadís, mungu wa kike wa uzuri katika hadithi za watu wa kaskazini, kwa sababu ya rangi nyingi inazotoa. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini nasisitiza kuandika unachokiona hata kama mkubwa wako hakubaliani, humpa kisa cha del Río.

Kanotaiti ina ndugu. Wa karibu kabisa ni tyuyamunaiti, iliyopewa jina la Tyuya-Muyun huko Kirigizistani: badala ya potasi ina kalisi. Hawa wawili huwezi kuwatenganisha kwa macho, na mtu akikwambia anaweza, mwombe akuonyeshe majibu ya maabara. Wa pili ni vanadinaiti, ambayo ina risasi badala ya urani. Nitaigusa baadaye kidogo.

Je, ipo Unguja au Pemba?

Swali hili naulizwa kila mara, na jibu langu ni kwamba siitegemei. Sababu yake ni nzuri kuijua, maana ukiielewa umeshajua nusu ya kazi ya kuitafuta kwingineko.

Malighafi tunazo. Kila lita ya maji ya bahari ina takriban mikrogramu 3 za urani na karibu mikrogramu 2 za vanadi. Matumbawe yanapojijenga huinywa urani hiyo, mpaka ndani ya tumbawe huwa kuna kama sehemu 3 kwa kila milioni, na wanasayansi huitumia kupima umri wa matumbawe ya kale. Mawe ya ardhi yetu ya maweni, kuanzia Makunduchi hadi Micheweni, ni matumbawe ya namna hiyo. Mbona basi hatuoni unga wa manjano?

Mfikirie mtu wa chumvi. Bahari imejaa chumvi, lakini hakuna anayekwenda ufukweni na pakacha akarudi nalo limejaa. Lazima maji yafungiwe kwenye shamba la chumvi, jua la kiangazi liyakaushe, na mvua isije kuharibu kazi. Kanotaiti ya aina inayopatikana Tanzania bara hujengwa vivyo hivyo. Maji ya ardhini hupita kwenye milima ya matale (graniti), yakachukua urani kidogo na potasi; yakachukua na vanadi kutoka kwenye mawe meusi zaidi; yakateremka hadi bonde lisilo na njia ya kutokea baharini. Hapo jua huyanyonya mwaka baada ya mwaka. Chokaa huganda chini ya udongo na kuwa tabaka gumu kama saruji, na ndani ya nyufa za chokaa hiyo kanotaiti hukaa, kwa sababu ikishaganda ni vigumu sana kuyeyuka tena katika maji ya kawaida. Ndivyo ilivyo katika mabonde ya Bahi na Manyoni, na ndivyo ilivyo Langer Heinrich huko Namibia na Yeelirrie huko Australia.

Sisi hatuna matale juu ya ardhi, na masika yetu hayaachi kitu kikae. Maji huingia kwenye mawe, huzama mapangoni, hurudi baharini. Shamba la chumvi linalonyeshewa kila mwaka namna hiyo halitoi chumvi.

Colorado ni habari nyingine: kule kanotaiti ilikaa kwenye mawe ya mchanga, hasa palipozikwa magogo ya kale, mpaka mengine yakageuka manjano mwili mzima. Ukisikia mtu kaipata kwenye gogo lililogeuka jiwe, usimbishie haraka.

Kwa nini basi mtu wa kisiwani ajifunze? Kwa sababu mawe yanasafiri na watu wetu, na kwa sababu vijana wetu wanafanya kazi huko yanakotoka.

Jizoeze na manjano ya nyumbani

Lugha yetu yenyewe imeipa rangi hii jina la bizari. Anza hapo. Weka kwenye sahani nyeupe vitu hivi: bizari ya manjano ya unga, kipande cha kiberiti upele kutoka kwa muuza dawa za asili, kipande cha jiwe lenye kutu ya manjano kutoka ardhi ya kinongo, na kipande cha tumbawe kilichoota ukoga wa manjano. Vitazame kivulini, kisha juani, kisha chini ya taa ya umeme. Utashangaa jinsi rangi moja inavyobadilika, na utaacha kuapa kwa rangi peke yake. Hata bizari hubadilika ikibadilisha rafiki: doa lake kwenye kanzu nyeupe ukilipaka sabuni hugeuka jekundu.

Sasa chukua kigae cha ukutani, kigeuze upande wa nyuma usiong'aa, na ukwaruze kila kimoja. Kiberiti kitaacha mstari mweupe wenye umanjano kidogo. Kutu ya manjano, ambayo wajiolojia huiita limonaiti, itaacha mstari wa kahawia yenye manjano hata kama juu ilionekana ya dhahabu. Ukoga hautaacha mstari wa maana. Ukiulowesha na kuukwangua utaona chini yake pana ukijani, kwa sababu ni kiumbe hai. Ukoga huu umenipotezea siku nyingi. Kwenye maweni ya pwani hupaka mwamba mzima rangi ya kuvutia kabisa, na picha zake ndizo ninazotumiwa kwa simu kuliko picha za kitu kingine chochote.

Kuna na manjano ya tano ambayo haiko kwenye sahani. Matope ya mikoko yana madini ya chuma na salfa. Yakikatiwa maji na kukauka, kama pale mtu anapoziba mkondo apate bonde la mpunga, hewa huingia, udongo unakuwa mkali kama siki, na mabaka ya manjano mepesi hutokea kwenye vishimo vya mizizi. Hiyo ni jarosaiti. Ni chuma na salfa na potasi, haina vanadi wala urani ya kutajwa, na mkulima huitambua kwa mpunga unaokataa kustawi. Kwa mwanafunzi wa visiwani hii ndiyo inayofanana na kanotaiti kuliko zote: manjano mepesi, ya unga, ndani ya matundu. Inatofautishwa na mahali. Jarosaiti hukaa kwenye udongo mkali, na kanotaiti ya mabondeni hukaa kwenye chokaa. Siki ukiitia kwenye chokaa itatoa povu. Kwenye tope la jarosaiti haitoi.

Vifaa

Lenzi ya mkono inayokuza mara 10, ile anayotumia sonara kukagua pete. Daftari na kalamu ya risasi, kwa sababu wino huvuja kwa jasho. Chupa ndogo ya siki. Taa ya kukagulia noti, ile ya madukani inayotoa mwanga wa zambarau. Chagua yenye nguvu, maana zile ndogo kama kidole hazisaidii. Glavu za mpira, barakoa nzuri inayokaa sawa puani, mifuko ya plastiki yenye kujifunga, kopo la bati lenye kifuniko, maji ya kunawa na kitambaa.

Kipima mionzi ndicho kifaa cha gharama, na ndicho kinachoamua. Kikundi cha watu watano wanaweza kuchanga wakanunua kimoja, au mkaazima skuli au chuo. Ukikosa kabisa, unaweza kufanya hatua mbili za mwanzo zinazofuata kisha uishie hapo. Usijaribu kufidia upungufu wa kipimo kwa kukwangua zaidi.

Asidi ya betri iache nyumbani. Mbali na kuunguza, kwenye chokaa hutengeneza ganda linalozuia povu, kwa hiyo hata kazi ya siki haiwezi.

Hatua ya kwanza: isome ardhi kabla ya jiwe

Ukifika mahali, usiiname. Simama, tazama pande zote, na uandike. Je, ni bonde lililofungwa au maji yana njia ya kutoka? Milima inayolizunguka ni ya mawe gani? Chini pana udongo mweusi wa mbuga unaopasuka wakati wa kiangazi? Pana tabaka la chokaa ngumu kwenye kingo za mashimo, makorongo au visima? Huko Bahi na Manyoni utaambiwa na wenyeji ni wapi kisima kiligonga "jiwe jeupe", na neno hilo lina thamani kuliko ramani nyingi.

Ikiwa majibu ni bonde kavu, matale, chokaa ngumu, endelea kwa tahadhari. Ikiwa ni ufukwe, mikoko, shamba la mikarafuu au ukuta wa nyumba ya zamani, una kazi kubwa mno ya kunishawishi.

Na kabla ya yote hayo, omba ruhusa. Visiwani anza kwa sheha. Bara kutafuta madini kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini ya 2010, na madini yenye mionzi yana masharti yake ya ziada. Kutazama, kupiga picha na kuandika ni jambo moja. Kuchukua ni jambo jingine.

Hatua ya pili: tazama bila kugusa

Ukiona manjano, simama hatua moja nyuma, upande upepo unakotokea, ili vumbi lisije usoni. Jiulize manjano imekaaje. Kanotaiti kwa kawaida haina umbo la jiwe lake peke yake. Ni ganda jembamba, ni unga, ni utando ndani ya nyufa na vishimo vya jiwe jingine, na mara nyingine huzunguka chembe za mchanga. Rangi yake ni manjano ya ndimu iliyoivia mtini, mara nyingine yenye ukijani kidogo, na haina mng'ao, kama chaki. Kutu huelekea kahawia na rangi ya chungwa, na hufifia polepole kuingia ndani ya jiwe kama doa la chai. Ganda la kanotaiti lina mpaka: hapa lipo, hapa halipo.

Piga picha mbili, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha mahali, na uweke kalamu au sarafu kando ili ukubwa ujulikane. Pigia kivulini. Kamera za simu hupenda kuongeza manjano juani.

Hatua ya tatu: kipima mionzi

Hapa kaa kwa utulivu, maana haraka huharibu kipimo chenyewe.

Kitie kipima chako ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, kisichafuke kwa vumbi. Nenda hatua kama 20 mbali na jiwe, kiweke kimo cha kiuno, na usome kwa dakika 5. Andika. Rudia mara mbili nyingine. Hicho ndicho kiwango cha mahali hapo. Sehemu nyingi duniani husoma kati ya mikrosieverti 0.05 na 0.2 kwa saa. Kwenye chokaa ya matumbawe tegemea upande wa chini, kwenye matale tegemea upande wa juu. Mtu asiyepima kiwango cha mahali kwanza anaweza kushtushwa na tale la kawaida.

Sasa sogea: mita moja kutoka kwenye jiwe, dakika 5; kisha sentimita 10 juu yake, dakika 5. Usikibandike kwenye jiwe. Ikiwa namba inapanda mara mbili au zaidi ya kiwango cha mahali, na inashuka tena ukirudi nyuma, na inapanda tena ukisogea, mionzi inatoka kwenye jiwe lile. Ikiwa imepanda kidogo na haibadiliki ukitembea, ni ardhi yote, si lile ganda.

Kipima hakisemi "urani". Kinasema kuna mionzi. Thori, metali nyingine yenye mionzi, pia hutoa; potasi pia hutoa kidogo. Na tena, kwenye chokaa changa ya mabondeni urani inaweza kuwa haijakaa muda wa kutosha kuzalisha radi na wenzake ambao ndio hutoa sehemu kubwa ya mionzi inayopenya, kwa hiyo mlio mdogo si ushahidi kwamba urani ni kidogo. Kipime, kiandike, usikipe maneno ambacho hakikusema.

Ikiwa kipima kimepanda, usikae hapo. Kumaliza kazi kwa dakika 20 ni bora kuliko kupiga soga juu ya jiwe kwa saa mbili. Mionzi inayotoka nje ya kijiwe kimoja hupungua upesi ukiachana nacho. Kinachonitia hofu zaidi ni vumbi lake, likivutwa puani au likiliwa kwa mikono isiyonawiwa, kwa sababu likishaingia mwilini linafanya kazi yake ndani. Kwa hiyo hakuna kula, hakuna sigara, hakuna tambuu mpaka mikono imenawiwa.

Hatua ya nne: lenzi

Vaa barakoa na glavu. Lenzi ya sonara hukaa karibu na jicho na jiwe hukaa sentimita 2 au 3 mbele yake, maana yake pua yako iko juu ya ganda. Ndiyo sababu hatua hii imekuja baada ya kipima.

Mara nyingi utaona unga tu, hata kwa lenzi. Ukibahatika utaona vibamba vidogo sana, bapa kama magamba ya dagaa, vyenye mng'ao wa lulu. Ukiona sindano nyembamba za manjano zilizojipanga kama miali, huenda ni uranofeni, ambayo ina urani lakini haina vanadi. Ukiona nyuzi, viota au kingo zilizojikunja, ni ukoga, na unaweza kuvua barakoa ukapumua.

Hatua ya tano: taa ya noti

Subiri giza, au jifunike kwa kitambaa kizito cheusi. Mulika ganda. Kanotaiti hainawiri; hubaki na giza lake. Ndugu yake tyuyamunaiti anaweza kung'aa kidogo sana au asing'ae. Otunaiti, ambayo ni madini mengine ya manjano yenye urani, lakini ina fosforasi mahali pa vanadi, huwaka kijani-manjano kwa nguvu mpaka watu hupiga kelele. Hapa taa ya shilingi elfu chache inafanya kazi ya maana: jiwe la manjano lenye mionzi linalowaka namna hiyo, liondoe kwenye orodha ya kanotaiti.

Angalia usidanganywe na kinachozunguka. Chokaa yenyewe yaweza kung'aa, nguo zilizofuliwa kwa sabuni ya unga hung'aa buluu, na nge hung'aa kijani kama taa. Mtu anayemulika maweni usiku avae viatu vya kufunika.

Hatua ya sita: siki, na baada ya hapo mstari

Tone la siki liende kwenye jiwe lililobeba ganda, mahali pasipo na manjano. Povu linakwambia ni chokaa, na chokaa inaongeza uzito wa habari ya kanotaiti au tyuyamunaiti. Hakuna haja ya kuitia kwenye manjano yenyewe.

Mstari wa kigae na ukwaruzaji wa msumari ni kwa mawe ambayo kipima kimenyamaza tu. Kwa kanotaiti mstari hauongezi kitu: ni unga tayari, ni laini kiasi cha 2 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, na mstari wake ni manjano kama ganda lenyewe. Unachopata kwa kukwangua ni vumbi.

Lakini kwa jiwe lililonyamaza, mstari ni msaada mkubwa. Kahawia-manjano, ni limonaiti. Mweupe na harufu ya kiberiti, unajua. Usichome jiwe la manjano usilolijua ili usikie harufu yake. Kuna manjano ya arseniki, na moshi wake ni sumu.

Na kwa mawe yaliyonyamaza ndipo vanadinaiti inapoingia. Hiyo haina urani. Huja na fuwele za pembe sita kama vipande vya kalamu ya risasi, nyekundu au chungwa, mara nyingine manjano, na ni nzito ajabu, karibu mara 7 ya uzito wa maji. Hutokea sehemu za juu za mawe yenye risasi, katika nchi kavu. Zile nzuri za Moroko zinajulikana na wakusanyaji dunia nzima. Ukishika kijiwe kidogo kikakuvuta mkono chini, waza risasi, na unawe vile vile.

Bibi wa Wete na kijana wa Bahi

Bibi mmoja wa Wete aliletewa jiwe na mwanawe, akaliweka kwenye kabati pamoja na chetezo na udi wake kwa sababu rangi yake ilimpendeza. Jirani akamwambia ni urani, akakosa usingizi. Nilikwenda na kipima cha kuazima. Kiwango cha chumba na kiwango cha kabati vilikuwa sawa. Lenzi ikaonyesha kutu imejipenyeza kwenye jiwe la kwazi (quartz), kigae kikatoa mstari wa kahawia. Nilimwambia, "Bibi, hii ni kutu tu, rudisha." Akalirudisha palepale, kando ya udi.

Kijana mwingine alikuja na ganda la manjano kwenye kopo la peremende, kutoka Bahi. Kipima kilipanda kabla kopo halijafunguliwa. Hatukulifungua. Tulilitia kwenye mifuko miwili, ndani ya bati, tukaliweka ghala la nje mbali na watu, si chumbani, kwa sababu jiwe la urani hutoa pia gesi ya radoni inayojikusanya kwenye chumba kilichofungwa. Rafu lilipokuwa limekaa tuliifuta kwa kitambaa chenye maji, hatukuifagia. Kisha tukawaarifu Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ambao ndio wenye dhamana ya mambo haya. Kijana alidhani atafungwa. Alichoulizwa ni alikolitoa na nani mwingine amelishika.

Hatua ya mwisho: andika na uache

Hata hatua zote zikikubaliana (bonde kavu, chokaa, ganda la manjano lisilong'aa, kipima kimepanda, taa imenyamaza) bado hujathibitisha. Umefika kwenye "kundi la kanotaiti". Kinachobaki ni cha maabara: miale ya eksirei hupima mpangilio wa fuwele na kusema kama ni potasi au kalisi. Vanadi yenyewe hujidhihirisha wanapoyeyusha chembe kwa asidi na kutia haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda, na maji yakageuka mekundu ya kahawia. Hilo si jambo la jikoni. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyoko Dodoma, ndiyo mahali pa kuuliza.

Daftarini andika tarehe, saa, mahali kwa namba za simu yako, aina ya ardhi, namba zote za kipima pamoja na kiwango cha mahali, kilichotokea kwa siki na kwa taa. Maelezo yangu huwa hivi: "Ganda la manjano ya ndimu, unene chini ya milimita moja, ndani ya nyufa za chokaa ngumu, ukingo wa korongo. Mionzi mara nne ya mahali kwa sentimita 10. Halingʼai. Kundi la kanotaiti, haijathibitishwa." Usiandike "urani nimepata", maana karatasi hiyo ikiokotwa na mtu mwingine, kesho kijiji kizima kitakuwa na majembe pale.

Vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, zifunge kwenye mfuko. Nawa mikono na uso, futa viatu kwa kitambaa chenye maji kabla ya kupanda gari, na nguo za siku hiyo zifuliwe peke yake. Daftari na picha rudi navyo nyumbani kwa boti. Jiwe liache lilipo, mpaka aje mwenye kibali cha kulichukua.